Binti Akipatwa na Jambo Humo Ndani

Ukikaa kwenye benchi lililokuwa ng'ambo ya geti la karakana ya mabodi ya malori, huna budi kuchagua: utazame ukuta, au utazame anayeingia na anayetoka. Wote walichagua geti. Benchi lenyewe lilikuwa ubao wa ubavuni wa tela lililopata ajali, umelazwa juu ya rimu mbili, na suruali za watu zililijua vizuri kwa misumari yake. Muuza kahawa, waliyembandika jina la Sukari kwa sababu kahawa yake haikuwahi kukutana nayo, aliwasha jiko pale kila asubuhi. King'ora cha mapumziko kikilia tu, wenye benchi walivuka barabara wakipangusa mikono kwenye ovaroli. Fundi matairi alikaa kwenye rimu ya kushoto. Huyo ndiye Daktari, kwa kuwa hakuna jambo chini ya jua asilolipa jina la ugonjwa. Katikati alikaa Hakimu, dereva aliyezoeleka pale, ambaye lori lake safari hii lilikuwa humo ndani likibadilishwa bodi, na ambaye hukata kesi kabla haijasomwa. Mpaka rangi, aliyeitwa Rangi Mbili, hakukaa. Alisimama akiegemea nguzo ya umeme, vifungo viwili vya ovaroli wazi, ili anayepita asije akamkosa. Na mwisho kulia, karibu na birika, alikaa Koleo.

Jina la Koleo lilianzia mikononi, kwa namna alivyoshika chuma, ila waliomzoea walijua limeshamwingia moyoni: akishika jambo haliachii. Alianza kuchomelea pale ndevu zake zikiwa bado za kuhesabika. Mzee aliyekuwa msimamizi wa wachomeleaji alipostaafu, hakuna aliyejiuliza kiti kitamwendea nani. Koleo alishawaambia nyumbani, na mama mkwe wake alishawaambia majirani. Kisha meneja akawakusanya uani, akakohoa, akamtaja yule fundi mwanamke, ambaye machoni pa Koleo aliingia juzi tu, mwenye kitambaa cha buluu kichwani na maneno ya kupimia. Koleo alipiga makofi kama wenzake. Viganja vilimuwasha wiki nzima.

Tangu siku hiyo wivu ulihamia kwake na vyombo vyake vyote. Mtu akiita "Fundi!" Koleo aligeuka, kumbe si yeye anayeitwa. Mshono wa chuma wa yule mwanamke ulilala sawasawa kama shanga kwenye uzi, na Koleo alikuwa akijichelewesha saa ya kutoka ili aupapase kwa kidole, autafutie kasoro. Hakuipata. Akifika nyumbani, mkewe anamuuliza, "Yule mama hajambo? Hebu siku moja mkaribishe anywe chai, watoto wetu wa kike wamwone." Koleo akasukuma sahani.

Sasa yule mama alikuwa amelala kwake, macho yamefungwa bandeji. Siku ya Jumatatu alishinda chini ya tela akichomelea, na usiku wake macho yakamwaka kana kwamba mtu ameyajaza mchanga wa moto. Alishikwa mkono kupelekwa hospitali. Barakoa yake ilipokaguliwa, kile kioo cheusi kinachomkinga fundi na mwanga mkali hakikuwemo. Kilitolewa, mahali pake pakawekwa kipande cha plastiki kilichopakwa rangi. Madaktari walisema jicho la kulia litapona. La kushoto walisema tungoje.

Na mpaka mambo yatakapojulikana, meneja alisema, kiti atakishika Koleo.

—Mimi nawaambia ule ni mzio, alisema Daktari, akipuliza kikombe chake.

—Mzio wa nini? aliuliza Hakimu.

—Wa chuma. Jicho la mwanamke lina maji mengi. Maji na moto havilali kitanda kimoja.

—Amechomelea miaka yote hiyo, mzio ulikuwa likizo?

—Haba na haba hujaza kibaba, bwana. Ulikuwa unajaza.

—Na ile plastiki iliyopakwa rangi nayo ni mzio?

Daktari akapuliza kahawa iliyokwisha poa.

—Hiyo, alisema, ni dalili.

Hakimu alicheka mpaka benchi likalia. Kisha akajiweka sawa kama mtu anayevaa joho.

—Kesi imekwisha, sikilizeni. Ni wale wa karakana ya pili, kule ng'ambo ya reli. Wameona kazi zote zinakuja huku. Wamemtuma mtu ameruka ukuta. Ukuta wa nyuma si una ufa? Nimeuona mimi mwenyewe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

—Hawakumaanisha ukuta wa nyuma, alisema Sukari kutoka kwenye jiko.

—Wewe waliwahi kukuambia walimaanisha upi?

—Tuache kuzunguka mbuyu, alisema Daktari. Mwenye macho haambiwi tazama...

 Methali ilikuwa imeshamtoka, hairudi tena mdomoni. Sukari akabonyeza kifuniko cha birika kilichokuwa kikichezacheza kwa mvuke. Koleo aliinamia kikombe chake. Funguo za ghala, ambazo huwa za msimamizi na sasa zilikuwa zake, zilimdunga paja mfukoni.

—Semeni msemalo, alisema hatimaye, ila hata kuumwa kwenyewe ameumwa kwa bahati. Karakana nzima imekwenda kumwona. Matunda, maua, mpaka meneja na mkewe. Mimi nilipoangukiwa na chuma mguuni, nani alikuja?

—Mimi nilikuja, alisema Sukari.

—Ulifuata kikombe chako.

—Lakini nilikuja.

Wakacheka, na Koleo naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Hakuwa ametania. Usiku ule, miaka ile, alilala mguu umening'inizwa akisikiliza kila hatua iliyopita dirishani, akingoja hodi. Habari kwamba watu walipanga foleni barazani kwa yule mama ilimchoma kuliko ile ya kiti. Mtu unaweza kumwonea mwenzio wivu hata wa bandeji, na ukishafika hapo ujue umekwenda mbali.

—Na bado hamjauliza anayefaidika ni nani, alisema Daktari, ambaye alikuwa anataka kurudisha heshima yake. Anafaidika yeye mwenyewe! Leo macho, kesho huruma, keshokutwa ofisi ya meneja. Kajiwekea plastiki yake mwenyewe.

—Mtu ajipofue?

—Kwani hujawahi kumsikia aliyejikata kidole akakosa kwenda vitani?

—Huko ni vitani. Hapa tunaunda mabodi.

—Mimi sasa nimeshapata ukweli wote, alisema Hakimu, na kwa jinsi alivyoinua kidole ilikuwa wazi kwamba ameupata sekunde ile. Ni yule bibi wa semina.

Semina hiyo ilikuwa imefanyika mwezi uliopita. Mama mmoja mwenye miwani aliletwa kuwafundisha namna watu wanavyonyanyasana kazini, akachora duara ubaoni, akaandika ndani yake HESHIMA. Wanaume walikaa nyuma, wakanywa soda, wakapigana viwiko. Mwisho wake karakana ilinunua sanduku la malalamiko, la bati, lenye kufuli.

—Bibi wa semina afanye nini? aliuliza Daktari.

—Akili yako ndogo. Analipwa akiitwa. Ataitwaje kama hakuna aliyenyanyaswa? Anamtuma mtu, mtu anaharibu barakoa, watu wanalia, bibi anaitwa tena na duara lake. Biashara ni matangazo.

—Basi hata wewe fundi matairi utakuwa unamwaga misumari barabarani, Sukari alimwambia Daktari.

Daktari akasonya.

Muda wote huo Rangi Mbili alikuwa akisafisha kucha kwa njiti. Sasa akaitupa.

—Mnajisumbua bure. Yule tatizo lake ni moja tu: hajui utani. Mwanamke ukiingia nyumba ya wanaume, ingia na meno yako nje. Mimi nilipomwita shemeji alinijibu nini? "Mimi si shemeji ya mtu hapa, mimi ni fundi." Mbele za watu! Nilimshika kiuno tu, nimpitishe pale penye ngazi asianguke. Akanigeukia na nyundo mkononi. Sasa hiyo ni adabu?

—Hapo pana kesi, alisema Hakimu, lakini hakusema kesi ni ya nani.

—Kikulacho ki nguoni mwako, alimalizia Rangi Mbili, akatabasamu.

Koleo aliyaona meno yale, akageuza uso. Kwa sababu yeye alikuwa anajua.

Asubuhi ile ya Jumatatu aliingia chumba cha makabati kuchukua glavu zake, akamkuta Rangi Mbili amesimama mbele ya kabati la fundi mwanamke, ambalo kufuli lake lilikuwa limevunjwa tangu wiki iliyotangulia na hakuna aliyejishughulisha kulitengeneza. Mkononi alikuwa na barakoa. Chumba kizima kilinuka thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. "Nampa shemeji miwani ya jua," Rangi Mbili alisema, akamkonyeza. Koleo angeweza kuuliza miwani gani. Angeweza kusogea aone. Badala yake alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha puani, naye akachukua glavu zake, akatoka. Na alipokuwa akitoka, kitu kimoja kitamu sana kilimpita kifuani, kitamu kama kuona adui yako amevaa shati nyuma-mbele mbele ya wageni. Akasema moyoni, na leo tuone huo mshono wako. Mchana alimwona yule mama chini ya tela akivua barakoa, akijifuta macho kwa kiwiko, akiivaa tena kwa kuwa lori lilikuwa la kutoka jioni. Hakusema neno.

Alidhani ni utani. Hivyo ndivyo alivyojiambia Jumatatu usiku. Jumanne, aliposikia habari ya hospitali, alijiambia kwamba akisema, mtu atamuuliza, na wewe ulikuwa wapi? Na meneja alipompa zile funguo, hakujiambia kitu tena.

—Koleo, mbona umemeza kijiko? aliuliza Rangi Mbili. Msimamizi mzima! Penye wazee haliharibiki neno. Tutolee neno basi.

—Kahawa chungu, alisema Koleo.

—Ndiyo ilivyo, alisema Sukari.

Hapo ndipo alipofika mzee mmoja mgeni. Alikuwa mwembamba, shati lake limepigwa pasi hata mikono, na shingoni alikuwa ameisahau futi ya fundi cherehani, imening'inia kama tai. Alisalimia kila mtu kwa kumtazama, kisha akauliza kama pale ndipo karakana ya mabodi.

—Ndipo, mzee wangu, alisema Hakimu. Karibu, kaa. Unaleta lori?

—Sina hata baiskeli, mwanangu. Nataka kumleta binti.

Hakimu akamsogezea nafasi. Sukari akamimina kikombe. Rangi Mbili akafunga kifungo kimoja.

—Nina binti yangu wa mwisho, alisema fundi cherehani. Nimemkalisha kwenye mashine tangu akiwa mdogo, anaijua vizuri, lakini moyo wake haupo. Anasema yeye anataka kushona chuma. Nikacheka, nikadhani ni maneno ya ujana. Basi yupo msichana wa jirani aliyemwambia kwamba hapa kuna mama mmoja anachomelea, na anafundisha. Tangu siku hiyo hakuna usingizi nyumbani. Ameniambia, baba, usipokwenda kuniulizia nitakwenda mwenyewe. Nikasema, hapana, nitatangulia mimi.

—Umefanya la maana, alisema Daktari.

—Sitawapotezea muda. Ninyi mnafanya kazi humo, mnapajua. Kazi ni ngumu, hilo najua. Kuchoka atachoka, kuungua ataungua kidogo. Mimi nataka kuuliza jambo moja tu.

—Uliza hata kumi, alisema Hakimu.

—Binti yangu akipatwa na jambo humo ndani, mtu akimfanyia ubaya, amkimbilie nani?

Hakimu alifungua mdomo haraka, maana hajawahi kukosa hukumu.

—Kwa msimamizi wa wachomeleaji! Si ndiye...

Akakumbuka msimamizi alipo, na kwa nini yupo huko.

—Kuna sanduku, alidakia Daktari. La malalamiko. Unaandika, unatumbukiza, siri yako.

—Vizuri. Liko wapi?

Daktari akamtazama Hakimu. Hakimu akamtazama Sukari. Sanduku lilikuwa limetundikwa ndani ya chumba cha wanaume cha kubadilishia nguo, juu ya ndoo za rangi, kwa sababu ukuta wa hapo ndio uliokuwa na msumari.

—Liko... ndani, alisema Daktari.

—Yupo meneja, Hakimu alijaribu tena. Ni mtu mwema sana. Ukimweleza jambo anacheka, anakuambia msiwe watoto.

Aliposikia alichosema, akajikuna kisogo.  Yule mzee hakuwa amekuja kuwatega. Alikaa na kikombe chake magotini, akingoja kwa adabu, kama mtu aliyeuliza njia ya kwenda sokoni na anaona wenyeji wanashauriana. Barabarani lori lilipita, vumbi likatua.

Ndipo Rangi Mbili akajibandua kwenye nguzo. Alikuja akainama mbele ya mzee, sauti yake laini kama rangi inayopakwa mkono wa kwanza.

—Baba, usihangaike. Mlete binti. Aje kwangu. Aulizie Rangi Mbili, kila mtu ananijua. Nitamtunza kama dada yangu wa tumbo moja. Hakuna atakayemgusa.

Uso wa mzee ukafunguka. Aliweka kikombe chini, akampokea mkono kwa mikono yake miwili.

—Mungu akubariki, mwanangu. Hilo tu ndilo nililolitaka.

Koleo aliitazama ile mikono mitatu. Alizihisi funguo pajani. Akasema moyoni, nyamaza, si mwanao. Akasema, ukifungua mdomo kiti kimekwenda, na safari hii hakitarudi, na yule mwanamke ataletewa maua mara ya pili. Aliyasema yote hayo, na yalikuwa ya kweli. Lakini mdomo ulikuwa umeshatangulia.

—Kwa huyo usimlete.

Ilikuwa sauti ndogo. Mzee aligeuka.

—Umesemaje, mwanangu?

—Nimesema kwa huyo usimlete, mzee. Yule mama anayefundisha yuko kwake, amefungwa macho. Barakoa yake iliharibiwa, na huyu ndiye aliyeiharibu. Nilimwona nayo mkononi. Thina ilikuwa inanuka mpaka mlangoni.

 Daktari alishika paji lake mwenyewe kana kwamba anajipima homa. Rangi Mbili alijinyoosha polepole, na lile tabasamu lilikuwa bado usoni, ila halikuwa na mwenyewe tena.

—Wivu umekutia wazimu, Koleo. Unataka kiti, umekipata, sasa unataka nini kingine?

—Sitaki kitu.

—Basi malizia! Mwambie mzee uliponiona ulifanya nini. Mwambie!

Koleo aliona macho yote yamemgeukia, hata ya Sukari, aliyekuwa ameinua birika akasahau kulitua. Fundi cherehani hakuwa amekasirika. Alimtazama kama anavyotazama kitambaa kabla hajakikata.

—Ulifanya nini, mwanangu?

—Nilicheka.

—Ukacheka tu?

—Nikacheka, nikaenda zangu. Mchana nikamwona anaumia, nikamtazama. Yeye anajua kazi kuliko mimi, mzee. Hicho ndicho kilichonifunga mdomo. Sina kingine cha kukuambia.

Rangi Mbili akaangua kicheko, akawageukia wenzake wacheke naye. Hakimu alikuwa anatazama viatu vyake. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga honi kila yule mama akivuka geti, mpaka mama akaanza kuzunguka kwa geti la nyuma, na siku ile walipogundua anazunguka walicheka hapa hapa, penye jiko la kahawa. Daktari ndiye aliyelianzisha hilo jina la shemeji. Hakuna aliyecheka. Rangi Mbili akatema mate, akaondoka, si kuelekea getini bali upande wa barabara kuu, mwanzo kwa mwendo wa kawaida, kisha kwa haraka.

Koleo akasimama. 

—Nakwenda kwa meneja, alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mzee naye akainuka, akajikung'uta suruali.

—Twende wote.

—Mzee, wewe hili halikuhusu.

—Nimeona hakuna wa kukimbiliwa humo. Basi usiende peke yako. Mtu akiwa peke yake hupotea hata mlangoni.

Wakavuka barabara, fundi cherehani na futi yake shingoni, Koleo nyuma yake kidogo kama mtoto anayepelekwa shule.

Meneja alianza kwa kucheka, akasema msiwe watoto. Mzee akavuta kiti akakaa, akasema yeye ana muda. Meneja akaacha kucheka. Koleo alirudia yote, kicheko na kila kitu, akaweka funguo mezani kabla hajaombwa. Polisi walimpata Rangi Mbili kwa dada yake kabla ya jua kuzama siku ya pili, na kile kioo cheusi chenyewe kilipatikana ndani ya debe lake la rangi. Kazi hakurudi. Kesi yake ilikwenda mahakamani, na Koleo alisimama shahidi, akarudia kwa mara ya tatu neno lile lile, nilicheka, na kila mara lilikuwa zito kuliko la kwanza. Karakana ilimpa onyo kali, ikamwondoa kwenye orodha ya wanaofikiriwa kupandishwa. Mama mkwe hakuwaambia majirani. Mkewe alinyamaza siku nyingi, kisha usiku mmoja akamwambia, "Ningejua umecheka, nisingekupa chakula siku ile," na mambo yakaishia hapo, kama yaliishia.

Sanduku lilihamishwa likawekwa kwenye kibanda cha mlinzi. Kufuli la kabati likatengenezwa. Yule binti wa fundi cherehani alianza mwanzoni mwa mwezi uliofuata, mrefu, mwenye maswali mengi.

Fundi mwanamke alirudi kabla yake. Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilibaki likitoa machozi kwenye mwanga mkali, na gizani halikuona vizuri kama zamani. Wenzake walimpokea uani kwa makofi na maneno, na Koleo, akiwa nyuma ya wote, alihisi kile kitu cha zamani, wivu, kikijigeuza kifuani mwake, kizima kabisa, hakijapungua hata ratili. Alikuwa amedhani ukweli utakifukuza. Kumbe ukweli haufukuzi kitu. Unakinyima kiti tu.

Alingoja watu watawanyike. Akamfuata yule mama mpaka chini ya tela, alikokuwa amelala chali akikagua kiungo cha ndani kabisa, kule mwanga wa mchana usikofika.

—Fundi, alisema. Mimi ndiye niliyekuwa pale mlangoni.

—Najua, ilijibu sauti kutoka chini. Nimesimuliwa.

—Sijui nikuambie nini.

 Akasikia nyundo ndogo ikigonga chuma mara mbili, ikisikiliza.

—Basi usiniambie. Na mimi sina la kukuambia, bado. Ulikuwa fundi niliyekuwa nikimtazama nilipokuja hapa, ulijua hilo? Nilikuwa nikisimama nyuma yako nitazame mkono wako. Nenda, niache nifanye kazi.

Koleo hakwenda. Hakujua kama alisimama kwa ukaidi au kwa aibu. Hilo la kutazamwa mkono hakuwa amelijua, na lilimuuma kuliko onyo la meneja.

—Bado upo? iliuliza ile sauti baada ya muda.

—Nipo.

—Huku giza, na jicho langu hili halinisaidii. Lete taa.

Akaleta taa. Akajilaza kwenye sakafu yenye mafuta, ubavu wake ukigusa ekseli, akanyoosha mkono mpaka bega likalia. Aliuona mkono wa yule mama ukipita juu ya chuma, ukitafuta, na wivu ulikuwa umelala pale kati yao, macho wazi. 

—Kushoto kidogo, alisema fundi.

Akaisogeza.

—Juu. Zaidi. Hapo. Usiondoke hapo.